Kinyago kilichoibwa, kikarudi kwa jina la zawadi

Tarehe 10 Mei 2010, jijini Paris, Makumbusho ya Taifa ya Tanzania na Makumbusho ya Barbier-Mueller ya Geneva yalitia saini makubaliano kuhusu kinyago kimoja cha Kimakonde. Kinyago hicho kiliibwa Dar es Salaam mwaka 1984. Mwaka uliofuata kilinunuliwa na makumbusho hayo ya Uswisi, na huko kikakaa robo karne. Siku ya saini hakuna aliyebisha juu ya hilo. Hata hivyo makubaliano yenyewe hayakuitwa ya kurejesha mali iliyoibwa. Yaliitwa makubaliano ya zawadi. Kwa lugha ya karatasi ile, Geneva ilikuwa inaizawadia Dar es Salaam kinyago.

Kwa nini kitu kilichoibwa kwako kirudi kwako kama zawadi? Na baada ya miaka 26 kilirudi nini hasa? Nakichambua kisa hiki kwa sababu ni miongoni mwa visa vichache vya vinyago vya ngoma vya kwetu ambavyo mtu anaweza kuvifuata tangu siku ya wizi hadi siku ya saini. Vingi vingine vinaanzia njiani, kwenye duka la mfanyabiashara wa Ulaya, na ukirudi nyuma hatua moja unakuta giza.

Kitu chenyewe

Kiswahili kina neno moja, kinyago, kwa vitu viwili vilivyo mbalimbali, na mkanganyiko huo umetuharibia mambo mengi. Ukimwambia mtu wa Dar es Salaam "kinyago cha Kimakonde" atafikiria mpingo mweusi wa pale Mwenge, kwenye soko la wachongaji: watu waliopandana mithili ya mnara, au shetani mwenye jicho moja. Sanaa hiyo ni nzuri na ina heshima yake, lakini ilikua kwa kufuata mnunuzi. Kinyago cha ngoma ni kitu kingine. Hakichongwi kwa mpingo, maana hakuna shingo inayoweza kucheza alasiri nzima ikiwa imebeba mpingo. Huchongwa kwa mti mwepesi wa jamii ya msufi, mti laini ambao patasi inapita bila kugombana nao. Ukikibeba kwa mara ya kwanza unashangaa, kwa kuwa jicho lilikwisha kukuandaa kwa uzito ambao mkono hauupati.

Kwenye uso wake fundi huweka alama ambazo Mmakonde wa zamani alizivaa mwilini. Kuna nembo, zile chale za mashavuni na kwenye paji la uso. Mara nyingi nembo za kinyago hazichongwi, bali hupachikwa kwa nta ya nyuki iliyoviringwa nyembamba na kubandikwa mstari kwa mstari. Kikiwa ni uso wa mwanamke, mdomo wa juu unasukumwa mbele na ndona, kile kipande cha mti ambacho wanawake wa Kimakonde walikivaa kwenye mdomo wa juu uliotobolewa. Juu ya kichwa hubandikwa nywele, na ni nywele za mtu kweli, zimenyolewa na kugandishwa kwa nta. Kinyago kikongwe hukitambua hapohapo: nta imebanduka sehemu, imeacha kivuli cha nembo juu ya mti, na nywele zimebaki mabaka.

Vipo vya namna mbili kubwa. Upande wa kusini wa mto Ruvuma, kwenye uwanda wa Mueda nchini Msumbiji, kinyago ni kama kofia nzima: kinavaliwa kichwani, kimelazwa kidogo kwa nyuma, na mchezaji huona kupitia tundu la mdomo. Huko kinaitwa lipiko, na ngoma yake ni mapiko. Upande wa Newala na jirani zake, vinyago vingi hufunika uso tu, na ngoma ya vinyago huitwa midimu. Mto haujawahi kuwa ukuta, watu na ngoma wamevuka kila siku, kwa hiyo usishangae kukuta namna zote mbili kila upande.

Sasa kigeuze. Ndani ndipo penye habari. Ukingoni kuna matundu madogo yaliyotobolewa kuzunguka, ya kupitishia kamba au kushonea nguo. Mbao ya ndani imelainika pale ilipogusana na kichwa na mashavu, imeshika rangi ya jasho. Matundu ya kamba yamelika upande mmoja kuliko mwingine kulingana na namna mchezaji alivyokuwa akivuta nguo yake. Kinyago kilichochongwa kwa ajili ya kuuzwa hakina haya. Fundi anaweza kukipaka moshi na matope nje kikazeeka kwa wiki moja. Ndani, jasho la miaka ni gumu kuigiza.

Na kile ambacho matundu yale yanashika ni nusu ya pili ya kitu chenyewe, tena ndiyo nusu kubwa. Lipiko ni mtu mzima aliyefunikwa, kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu. Nguo inatoka kwenye ukingo wa kinyago, inaficha shingo, inaungana na vazi la mwili lililobana, na mahali popote ngozi isionekane. Kiunoni na miguuni kuna njuga. Ngozi ikionekana, mtu anaonekana, na mtu akionekana kilichoko uwanjani ni fulani bin fulani wa nyumba ya pili. Kazi yote ya vazi ni kuhakikisha kwamba hilo halitokei.

Hebu tusimame uwanjani. Ni siku ya kuwatoa jandoni wali, yaani vijana waliotahiriwa. Wapiga ngoma wamekaa upande mmoja, ngoma kubwa inanguruma chini na vinganga, zile ndogo zenye sauti kali, vinakata juu yake. Wanaume wanaimba. Kutoka upande wa vichaka, mbali na wanawake, kitu kinatokea, kinakwenda hatua tatu, kinasimama. Kichwa kinageuka taratibu kupita kiasi, kama vile shingo haijawahi kugeuka kabla. Halafu mabega yanatetemeka na njuga zinaitika. Ghafla kinazikimbilia ngoma, vumbi linatimka, na pale pigo linapokatika nacho kinaganda, mguu ukiwa bado hewani. Watoto wamekwisha kukimbia. Wanarudi mmojammoja, kwa sababu kuogopa nako kuna utamu wake, kisha wanakimbia tena.

Kuna mwingine mwenye mwendo wa polepole. Huyu amevaa kinyago cha uso wa kike, na kifuani hadi tumboni amejifunga bao la mti lililochongwa umbo la mwanamke mjamzito: matiti, kitovu kilichotokeza, nembo za tumboni. Bao hilo huitwa njorowe. Aliyelivaa ni mwanamume, na anacheza uchungu wa mimba mbele ya wanawake wanaoujua. Makumbusho kadhaa ya Ulaya na Marekani yana mabao ya namna hii, yametundikwa ukutani peke yake, bila uso na bila nguo, na mtazamaji anayaona kama sanamu ya tumbo.

Zamani waliotahiriwa tu ndio waliopaswa kujua kwamba chini ya nguo kuna mtu. Wanawake na watoto waliambiwa ni mzimu, mfu aliyerudi. Kama wanawake waliamini kweli, au waliamua kutowaumbua waume na watoto wao, ni mjadala mrefu. Mimi naona walijua zaidi ya walivyokiri. Waswahili husema kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi. Kwa mapiko methali hiyo inapinduka kidogo: aliyekichonga ndiye mwenye wajibu wa kuhakikisha kinatisha, na kwa hiyo ndiye anayekaa kimya kuliko wote.

Nimekaa sana kwenye maelezo haya, na nina sababu. Kisheria, kilichoibwa Dar es Salaam ni mti uliochongwa. Ngoma haiwezi kuibwa kwa kuvunja mlango, na nguo hata mwizi hakuitafuta. Soko la Ulaya halikuwahi kuitaka nguo: imechakaa, ina vumbi na jasho, haipendezi juu ya kizimba cheupe. Kwa zaidi ya karne moja vinyago vya Afrika vimekuwa vikivuliwa nguo kabla ya kuuzwa, ukingo unakatwa kamba zilizobaki, mti unasuguliwa, na kinachobaki ni uso unaomtazama mtu kwa namna ambayo uwanjani haukuwahi kumtazama. Hata ile namna ya kofia, iliyokusudiwa kulala kwa nyuma na kutazama juu ya vichwa vya watu, husimamishwa wima kwenye chuma.

Kutoka Dar es Salaam hadi Geneva

Makumbusho ya Taifa yalianzishwa mwaka 1934 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1940, yakiwa na jina la Mfalme George wa Tano. Baada ya Uhuru yakawa ya taifa. Hapo ndipo wezi walipovunja mwaka 1984 na kuondoka na vitu kadhaa, kinyago chetu kikiwamo. Ile ilikuwa miaka ya dhiki nchini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha miaka mitano nyuma, sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Kwa wakati huohuo Paris na Brussels zilikuwa vituo vikubwa vya biashara ya sanaa ya Afrika, na kinyago kilichochezwa kweli, chenye ndani ya kweli, kilikuwa na wanunuzi.

Septemba 1985 Makumbusho ya Barbier-Mueller yalikinunua Paris. Makumbusho hayo ni ya binafsi, yalifunguliwa Geneva mwaka 1977 na Jean Paul Barbier-Mueller na mkewe Monique, yakiendeleza ukusanyaji ambao baba wa Monique, Josef Mueller, aliuanza mwaka 1907. Msimamo wao tangu mwanzo hadi mwisho ulikuwa kwamba walinunua kwa nia njema, bila kujua kuna wizi. Sina sababu ya kuupinga, na katika uchambuzi huu nauchukua kama ulivyo.

Mwaka 1990 mtaalamu mmoja kutoka Italia alikuwa akitafuta vinyago vya Kimakonde kwa ajili ya maonyesho. Alipofuatilia kile cha Geneva, aligundua ni kile kilichoibwa Dar es Salaam. Hapa ndipo kisa kizima kilipogeuka, na kiligeuka kwa sababu ndogo: Makumbusho ya Taifa yalikuwa na kumbukumbu ya kinyago hicho. Pasipo kumbukumbu, yule mtaalamu angeona kinyago kizuri cha Kimakonde na kukiomba kwa maonyesho yake, basi.

Baada ya hapo ilianza miaka ishirini ya kuandikiana. Baraza la Kimataifa la Makumbusho, ICOM, likaingia kati. Mazungumzo yalisimama, yakaanza tena. Mwaka 2006 Tanzania ilipeleka shauri UNESCO, kwenye kamati ya kiserikali iliyoundwa mwaka 1978 mahususi kwa kuhimiza nchi kurudishiana mali za utamaduni. Kamati hiyo si mahakama. Haina askari wala hukumu; kazi yake ni kuwaketisha watu mezani na kuliweka jambo mbele ya macho ya dunia. Miaka minne baadaye ikaja ile saini ya Paris.

Kwa nini hawakwenda mahakamani

Swali hili huulizwa kwa hasira, na hasira yake naielewa. Mali ni yetu, imeibwa, tumeiona ilipo. Kwa nini tusishtaki?

Tanzania ilikuwa mwanachama wa Mkataba wa UNESCO wa 1970 dhidi ya biashara haramu ya mali za utamaduni tangu mwaka 1977. Mkataba huo, Ibara ya 7, unakataza kuingiza nchini kitu cha utamaduni kilichoibwa kwenye makumbusho ya nchi nyingine mwanachama, na unailazimu nchi kukirudisha. Umesomeka vizuri hadi hapo. Lakini Uswisi ilijiunga mwaka 2003. Ufaransa, ambako mauzo yalifanyika, ilijiunga mwaka 1997. Mwaka 1985, kinyago kilipobadilishana mikono, mkataba haukuwa unaifunga hata nchi moja kati ya hizo mbili. Na mkataba haurudi nyuma.

Basi ibaki sheria ya kawaida ya mali. Nchini Ufaransa, kwa sheria ya madai, aliyeibiwa alikuwa na miaka mitatu tangu wizi kudai kitu chake kwa mnunuzi mwenye nia njema. Uswisi ilikuwa miaka mitano. Hesabu mwenyewe. Wizi ni wa 1984. Mlango wa Ufaransa ulifungwa 1987, wa Uswisi 1989. Kinyago kiligunduliwa 1990. Mwaka mmoja tu.

Mtu wa kwetu akisikia hivyo anatikisa kichwa: yaani mwizi akijificha muda wa kutosha, mali inakuwa halali ya mwingine? Kwa mnunuzi mwenye nia njema katika nchi zile, ndiyo, jibu ni hilo. Sheria zao zilitungwa kulinda soko, ili aliyenunua saa au ng'ombe kwa uwazi asiamshwe usingizini miaka ishirini baadaye. Kwa saa, ina mantiki. Kwa kinyago kilichotoka jando la watu, kikaingia makumbusho ya taifa lao, mimi sioni mantiki yoyote, na inaelekea Waswisi wenyewe walianza kuona hivyo, kwa sababu sheria yao mpya ya mali za utamaduni, iliyoanza kutumika Juni 2005, inampa aliyeibiwa hadi miaka 30, mradi adai ndani ya mwaka mmoja tangu ajue kitu kiko wapi na kwa nani. Nayo hairudi nyuma. Isitoshe, hata kama ingekuwapo mwaka 1990, ule mwaka mmoja ungekuwa mfupi sana kwa nchi iliyokuwa ikiandikiana barua kwa njia za kidiplomasia. Anayesimamia makumbusho leo afadhali aukariri muda huo.

Kwa hiyo Tanzania ilikuwa na haki ambayo kila mtu mezani aliitambua moyoni, na karibu hakuna mahakama ambayo ingeitambua. Ukiwa kwenye hali kama hiyo, unachobaki nacho ni uvumilivu na aibu ya mwenzako.

Zawadi

Sasa neno. Chukua mfano wa mbuzi. Mbuzi wako ameibwa, ameuzwa mnadani, jirani wa kijiji cha tatu kamnunua kwa pesa zake halali. Umemwona zizini kwake, umemtambua kwa sikio. Baada ya ugomvi mrefu jirani anamfunga kamba, anakuletea, na mbele ya wazee anasema: nakuzawadia mbuzi huyu. Damu inachemka. Zawadi ya mbuzi wangu?

Tazama lakini upande wa jirani. Akisema "narudisha", amekiri kwamba siku zote alikuwa na mali ya wizi, na kesho atakuja mwingine kudai kondoo. Makumbusho yanayoishi kwa ununuzi wa miongo mingi yana hofu hiyohiyo. Neno zawadi liliyaruhusu kutoa kinyago bila kutoa ukiri.

Na upande wa Tanzania kuna jambo ambalo huwa halisemwi. Mkataba uleule wa 1970 unasema nchi inayodai kitu inatakiwa kumlipa fidia ya haki mnunuzi asiyekuwa na hatia. Ndiyo, aliyeibiwa analipa. Kama kisa hiki kingepita kwenye njia nyoofu ya mkataba, Dar es Salaam ingekuwa inatafuta fedha za kigeni za kununulia kinyago chake kwa bei ya soko la Ulaya. Zawadi haina fidia. Waliokaa mezani upande wetu walimeza neno chungu na kuokoa fedha za umma, na kinyago kikarudi. Nadhani walifanya sawa. Nadhani pia neno lile limebaki kwenye karatasi na litasomwa na watu wasiojua historia, watakaodhani kwamba tajiri mmoja wa Geneva alikuwa mkarimu. Mambo yote mawili ni kweli, na sijaona namna ya kuyapatanisha.

Wanaobaki nje

Linaloniumiza zaidi katika kisa hiki ni kile yule mtaalamu wa Italia alichokihitaji ili atambue kinyago: kumbukumbu. Ibara ya 7 nayo inasema wazi kwamba kinga yake ni kwa kitu kilichoandikwa kwenye orodha ya taasisi. Kinyago hiki kilikuwa na bahati ya kuibwa mara ya pili, kama naweza kusema hivyo. Kilikwisha kutolewa uwanjani, kikavuliwa nguo, kikapewa namba. Namba ndiyo iliyokiokoa.

Vipi kuhusu ambacho hakikuwahi kupewa namba?

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alizunguka Masasi na Newala akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya nchi yake. Vita vya Maji Maji vilikuwa havijazimika kabisa. Majeshi ya Wajerumani yalikuwa yamechoma mashamba na maghala sehemu nyingi za kusini, na njaa ilikuwa inafuata. Weule alinunua vinyago, na kwa maandishi yake mwenyewe alivinunua kwa fedha. Lakini mtu anayeuza kinyago cha jando wakati ule, mbele ya mzungu anayesafiri na askari wa serikali, anauza kwa hiari ya namna gani? Mzee aliyekitoa aliruhusiwa na nani? Vinyago vile vina namba leo, lakini ni namba za Ujerumani. Upande wa Newala hakuna kilichoandikwa, na hakikuweza kuandikwa, kwa sababu kinyago cha midimu kilikuwa siri. Mahali kilipofichwa palijulikana na wachache. Hakikuchorwa, hakikupigwa picha, jina la aliyekivaa halikutamkwa mbele ya mama yake.

Siri ile ndiyo iliyoifanya ngoma iwe ngoma. Na ndiyo inayokiacha kinyago bila shahidi siku kinapoibwa. Kikiondoka leo usiku kutoka kwenye kibanda cha mchezaji kule Tandahimba, kesho kutwa kitavuka mpaka, mwezi ujao kitakuwa kwenye chumba cha dalali, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuleta picha na kusema hiki ni chetu, tazama nta ilivyobanduka shavu la kushoto. Wazee watakitambua wakikiona. Hawatakiona.

Najua wapo watakaosema siri hiyo imekwisha siku nyingi, kwamba vijana siku hizi wanacheza mapiko kwenye sherehe za serikali na watu wanapiga picha kwa simu. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Upande wa Msumbiji vinyago vimekwisha kuchongwa sura za wanasiasa na askari wa ukombozi, na watazamaji wanacheka kwa kuitambua sura. Lakini picha ya simu inashika vumbi na vurugu, kinyago kikiwa kimegeuka nusu, nguo ikipepea. Kwa kumbukumbu ya kumtafuta mwizi haisaidii sana. Na vinyago vikongwe, vile ambavyo dalali anavitaka, mara nyingi havitolewi kwenye sherehe hizo.

Nini kingeandikwa

Kipo kiwango cha kimataifa cha kuorodhesha vitu vya sanaa, kilichozinduliwa mwaka 1997 na sasa kiko chini ya ICOM. Kinaomba mambo ya kawaida: picha, vipimo, kitu kimetengenezwa kwa nini, kina alama gani za pekee. Kinafaa kwa kila kitu, na kwa hiyo kinakosa mambo machache ambayo kinyago cha ngoma kinayadai.

Kwanza ni ndani. Picha za makumbusho nyingi zinaonyesha uso mbele na pembeni. Kwa lipiko, picha ya ndani ndiyo alama ya kidole: mahali pa jasho, matundu yalivyolika, ufa uliozibwa kwa nta. Uso unaweza kunakiliwa na fundi hodari kwa wiki mbili, ndani hawezi.

Pili ni nguo. Kama kitambaa kimebaki hata kipande cha kiganja, kiandikwe: rangi, mshono, kilivyofungwa. Hata kama kimeoza. Kama hakipo kabisa, iandikwe kwamba hakipo, na matundu yahesabiwe, kwa sababu idadi ya matundu inaeleza namna vazi lilivyoning'inia. Mhifadhi akiandika "kinyago cha mti, Kimakonde" akafunga daftari, ameandika nusu ya kile kilichopotea. Na njorowe ikiingia pamoja na uso wake, viwili hivyo vipewe namba moja, visije vikatenganishwa rafu tofauti na baadaye mabara tofauti.

Tatu ni gumu, nalo ni nani anayeruhusiwa kuona. Mchezaji wa kijijini hatampa afisa yeyote picha ya ndani ya kinyago cha jando iwekwe kwenye kompyuta ambayo kila karani anaifungua. Wala asishurutishwe. Lakini picha inaweza kupigwa na kijana wa palepale aliyepita jando, ikawekwa kwenye bahasha, ikafungwa, ikahifadhiwa na mzee mwenye dhamana au kwenye ofisi anayoichagua yeye, ifunguliwe siku kinyago kikipotea tu. Jambo hilo halihitaji mkataba wa kimataifa wala fedha nyingi. Linahitaji mtu wa makumbusho afunge safari hadi Newala, akae barazani, anywe uji, aeleze kisa cha kinyago kilichokwenda Geneva, na asitoe kamera mfukoni mpaka aambiwe.